Kutoka Lalamiko la Tawi Hadi Ilani ya Chama: Mwongozo Kamili kwa Matawi ya Uganda

Mara nyingi ilani ya chama huandikwa na watu wachache walioko Kampala, miezi michache kabla ya kura, kisha nakala husambazwa matawini ili wanachama waishangilie. Mwanachama wa Koboko au Busia anasomewa yale ambayo chama chake kinayaamini, ilhali hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwongozo huu ni wa katibu wa tawi, mwenyekiti wa wilaya na kijana wa kamati ya sera anayetaka safari hiyo igeuzwe: wazo lianzie kijijini, lichunguzwe, liwekewe gharama, libishaniwe, lipigiwe kura, na aliyelitoa apate jibu. Chama kiwe madarakani au upinzani, kazi ni hiyo hiyo.

Nchi hii imewahi kufanya kazi ya namna hii kwa ukubwa. Tume ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki ilipokea maandiko ya wananchi zaidi ya 25,000, mengi yakitoka kwenye mabaraza ya vijiji, kabla Katiba haijatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Jambo la kuiga ni mpangilio wao. Kwanza walikwenda kwenye kaunti ndogo wakaeleza katiba ni nini na inagusa nini, ndipo wakawaachia watu muda wa kukaa, kujadiliana kwa lugha zao na kuandika. Chama kinachoingia kijijini asubuhi na kutaka maoni kabla ya saa sita kitarudi na salamu tu.

Pata kwanza idhini iliyoandikwa

Ibara ya 71 ya Katiba inataka mambo ya ndani ya chama yaendeshwe kidemokrasia. Katiba ya chama chako ndiyo inayosema ni chombo gani chenye kauli ya mwisho juu ya sera: mkutano mkuu wa wajumbe, kamati kuu ya taifa, au chombo kingine. Isome hiyo kabla ya kuitisha mtu. Nimeona juhudi nzuri za matawi zikifa kwa sababu makao makuu yalisema hayakuziagiza, na mawazo ya mwaka mzima yakabaki kwenye daftari la shule.

Kwa hiyo omba azimio la ukurasa mmoja lenye mambo manne: nani anakusanya, mpaka tarehe gani, nani anaamua, na lini majibu yatarudi matawini. Hilo la mwisho ndilo viongozi wengi hulikwepa, na ndilo nakusihi usiliachie. Azimio lisipokuwa na tarehe ya kurudisha majibu, wanachama watakuwa wametoa maoni kwenye shimo, na safari ijayo hawatakuja.

Kisha unda kamati ya sera ya wilaya. Watu watano hadi saba wanatosha: mmoja anayejua hesabu, mmoja anayejua sheria au aliyewahi kuwa diwani, mwanamke mfanyabiashara, kijana, mkulima, na mtu mwenye ulemavu ambaye hakuwekwa hapo kama pambo. Mgombea mtarajiwa wa ubunge asiwe mwenyekiti wa kamati hii. Akikaa hapo, kila wazo litapimwa kwa kura zake mwenyewe.

Kuhusu usalama, Sheria ya Usimamizi wa Mikutano ya Hadhara ya mwaka 2013 haihesabu kikao cha vyombo vya chama kuwa mkutano wa hadhara, mradi kimeitishwa kwa kufuata katiba ya chama na kinajadili mambo ya chama peke yake. Basi weka barua ya mwaliko inayotaja kifungu cha katiba ya chama, ajenda, na orodha ya waalikwa. Ukifungua milango kwa umma wote, hali inabadilika na utahitaji kufuata utaratibu wa polisi. Hata kwa kikao cha ndani, mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ni adabu, na inazuia maswali ya ghafla kikao kikiwa kimepamba moto.

Andaa maswali yanayojibika

Ukiuliza "Mnataka chama kiwafanyie nini?" utaandikiwa orodha ile ile kutoka Arua hadi Kabale: barabara, hospitali, maji, umeme, kazi za vijana. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haikuambii kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Kosa liko kwenye swali, maana watu wanajua mengi zaidi ya hayo.

Uliza juu ya tukio la mwisho, kwa mpangilio. Kwa mama anayeuza nyanya: "Mara ya mwisho ulipoingia sokoni ulilipa nini, ulimlipa nani, na alikupa risiti?" Kwa mzazi: "Muhula uliopita, katika shule ya UPE, uliombwa fedha gani, na mtoto alirudishwa nyumbani mara ngapi?" UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ilianza 1997 kama elimu isiyo na ada, lakini mzazi ndiye anayejua chakula, sare, mtihani wa majaribio na mchango wa jengo vinafika kiasi gani. Kwa mwanaboda: "Pikipiki yako ni ya nani, unamrejeshea kiasi gani kwa wiki, na ulisimamishwa wapi mara ya mwisho?" Kwa aliyejiunga na kikundi cha Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ule wa serikali unaopeleka fedha kwenye parishi, ngazi ya utawala iliyo chini ya kaunti ndogo: "Fedha zilifika lini kwako, na zilifika zikiwa zimekatwa nini?"

Baada ya tukio, uliza maswali matatu zaidi. Ulifanya nini kujinusuru? Nani mwingine linampata? Ungekuwa wewe ndiye diwani au waziri, ungebadilisha kitu gani kimoja? Swali la kwanza kati ya haya hupitwa na wengi, nalo ndilo lenye hazina. Watu hawakai wakingoja sera. Wamekwisha kubuni njia zao, na sera nyingi nzuri ni njia za wananchi zilizopewa sheria na bajeti.

Tayarisha pia ukurasa mmoja wa maelezo kabla ya kikao, kwa lugha rahisi: serikali kuu inasimamia nini, wilaya inasimamia nini, kaunti ndogo inaweza kutunga nini. Mwanachama akijua kwamba kaunti ndogo inaweza kutunga sheria ndogo na wilaya inaweza kutunga sheria ya wilaya, ataacha kumpelekea Rais kila jambo.

Siku ya kikao

Chagua siku kwa kalenda ya wenyeji. Siku ya gulio usijaribu. Mvua za Machi zikianza, watu wako shambani mpaka mchana. Ijumaa baada ya saa sita ni ya msikiti, Jumapili asubuhi ni ya kanisa, na Jumamosi utawakosa Wasabato. Mahali pawe pa wote. Nyumbani kwa mwenyekiti hapafai kama kuna mtu mwenye ugomvi naye wa shamba.

Lugha ni jambo la kuamuliwa mapema. Mjini Busia ukumbi mmoja unaweza kuwa na Wasamia, Wagwe, Iteso na Waganda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Lakini kukutanisha ni tofauti na kumfanya mtu aseme yaliyo moyoni. Fungueni kwa Kiswahili, gawanyikeni katika makundi ya watu wanane hadi kumi kwa lugha wanayoitumia nyumbani, kisha mrudi pamoja na kila kundi litoe taarifa kwa Kiswahili. Anayeandika aandike maneno ya msemaji kama alivyoyasema. Bibi akisema "ghala la kaunti ndogo limekuwa la popo", usiandike "changamoto za miundombinu ya uhifadhi". Ukifanya hivyo umemnyang'anya ushahidi wake.

Wakubwa wazungumze mwisho. Mbunge, diwani au mfadhili wa tawi akisema kwanza, kikao kimekwisha. Waliobaki watarudia maneno yake kwa heshima. Mwombeni kwa adabu: "Mheshimiwa, tunaomba utusikilize leo, utajibu saa nane." Akikataa, mwacheni asalimie kwa dakika tano kisha aondoke kwenda kwenye shughuli nyingine, nanyi muendelee.

Wanawake wapewe kundi lao, na mwanamke aandike. Mambo ya wodi ya kujifungulia, ya ardhi ya mjane na ya mume anayechukua mkopo kwa jina la mke hayatasemwa mbele ya mashemeji. Vijana nao vivyo hivyo. Sensa ya 2024 ilituhesabu watu milioni 45.9, na sehemu kubwa ni watoto na vijana. Chama kinachosikiliza wazee wa mstari wa mbele pekee kinaandika sera za watu wachache.

Sasa suala la nauli, ambalo hakuna anayetaka kuliandika. Watu wamezoea kwamba mkutano wa siasa una bahasha. Msimamo wangu ni huu: aliyesafiri kutoka parishi ya mbali arudishiwe nauli halisi, wote wapate maji na chakula kama kikao kinavuka mchana, na asiwepo mtu wa kulipwa kwa kuhudhuria. Ukilipa mahudhurio utapata mahudhurio. Itangaze kanuni hiyo kwenye barua ya mwaliko ili asije mtu akidanganyika. Kikao cha kwanza kitakuwa kidogo, lakini waliokuja watakuwa na la kusema.

Kabla ya kufunga, msome kwa sauti kila mlichoandika. Watu wasahihishe hapo hapo. Na waambiwe tarehe ya kupata jibu.

Wale wasiokuja kikaoni

Kikao hakimfikii mlinzi wa usiku, mama mwenye kichanga, wala mwanachama anayeogopa kuonekana. Fuata watu walipo: steji ya boda, kisimani, saluni, foleni ya kituo cha afya. Wawili wawili, dakika kumi, maswali matatu.

Hapo zamani redio zilifanya kazi hii vizuri sana. Mijadala ya wazi ya ebimeeza, watu wakikaa mezani na kusema hewani, ilipigwa marufuku Septemba 2009 baada ya ghasia za Buganda, na pengo lake bado linaonekana. Simu za wasikilizaji kwenye redio za FM zimebaki. Chama chenye uwezo wa kununua nusu saa kitumie dakika tano kueleza na ishirini na tano kusikiliza, huku katibu akiandika.

Kwenye simu, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unamfaa asiyeandika. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na hata kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa 2021 na badala yake ikaja asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kwa hiyo usijidanganye kwamba kundi la WhatsApp ndilo tawi. Waliomo ni wenye bando.

Kwa wanaoogopa, sanduku lenye kufuli na karatasi bila majina bado halijapitwa na wakati. Na hapa kuna sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaweka maoni ya kisiasa ya mtu katika kundi la taarifa zenye ulinzi wa pekee. Mwombe mtu ridhaa kabla ya kuandika jina lake, mweleze litatumika kwa nini, na majina yakae kwenye daftari lililo mbali na daftari la mawazo. Wazo lipewe namba, na namba hiyo ndiyo isafiri hadi Kampala.

Daftari la mawazo

Hiki ndicho chombo kikuu cha kazi yote, na hakihitaji kompyuta. Daftari kubwa lenye mistari, kurasa mbili kwa kila wazo. Andika namba (kwa mfano BUS-TIR-014, yaani wilaya, kaunti ndogo na mfululizo), tarehe, tawi, maneno ya mtoa wazo, linampata nani, ushahidi uliopo, linahusu ngazi gani ya serikali, liko hatua gani, na mstari wa mwisho: jibu limerudi tarehe ngapi, na limesomwa na nani.

Usiunganishe mawazo haraka. "Ushuru wa soko ni mkubwa" na "ushuru wa soko hauna risiti" yanafanana machoni, lakini la kwanza ni kiwango na la pili ni wizi, na dawa zake hazikutani. Acha kila moja na namba yake, kisha andika pembeni namba za ndugu zake.

Usifute wazo hata kama ni la ajabu. Mtu akitaka chama kijenge uwanja wa ndege wa kijiji, liandike, lipewe jibu. Ukianza kuchuja mlangoni, katibu mmoja mwenye hasira atakuwa ndiye mkutano mkuu.

Kuligeuza lalamiko liwe pendekezo

Hapa ndipo vyama vingi hukwama, kwa hiyo nitaenda taratibu na mfano mmoja.

Tuseme mkulima wa Busia anasema: "Mahindi yetu yanarudishwa mpakani." Mwanasiasa wa haraka ataandika: "Chama kitatetea wakulima dhidi ya Kenya." Makofi yatapigwa na mahindi yataendelea kurudishwa.

Kamati ianze kwa kuuliza kwa nini, na iulize tena kwa kila jibu. Yanarudishwa kwa sababu gani? Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ni cha Afrika Mashariki nzima, nasi tulikikubali. Basi, sumukuvu inatoka wapi? Inatokana na kuvu anayeota kwenye mahindi yenye unyevu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kwa nini mahindi yetu yana unyevu? Kwa sababu mavuno ya msimu wa kwanza huja mvua bado zikidondoka, na mkulima anaanika chini, kwenye udongo. Kwa nini anaanika chini? Turubai ni ghali kwake. Kwa nini hasubiri yakauke? Karo ya muhula inadaiwa, na mchuuzi anayemlipa leo hapimi unyevu, wala hampi bei ya juu aliyekausha.

Ona tulikofika. Lalamiko lilianzia mpakani, lakini kiini chake kiko uani kwa mkulima na kwenye mzani wa mchuuzi. Kamati sasa ina mapendekezo manne ya kupima: vipima unyevu kwenye vituo vya kununulia, turubai au mitambo ya kukaushia ya ushirika katika kaunti ndogo, sheria ya wilaya inayokataza kununua mahindi mabichi kwa ajili ya kuhifadhi, na maabara ya kupima sumukuvu karibu na mpaka ili cheti kisihitaji safari ya Kampala.

Sasa rudi kwa watu wanaoguswa, hasa yule ambaye sera itambana. Zungumza na mchuuzi. Atakuambia mambo ambayo mkulima hayaoni: kwamba mtaji wake ni wa siku mbili, kwamba akikataa mahindi mabichi jirani yake atayanunua. Hapo utagundua kwamba katazo bila mahali pa kukaushia litamwumiza mkulima kwanza. Kwa hiyo utaratibu una maana: mitambo ije kabla, katazo lifuate. Zungumza pia na ofisa kilimo wa kaunti ndogo na watu wa Shirika la Viwango la taifa. Wao si adui wa chama chochote. Wengi wanafurahi kuulizwa.

Ukihitaji taarifa za serikali, kama vile fedha zilizotengwa kwa kilimo wilayani, tumia Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005. Andika ombi kwa ofisa habari wa ofisi husika. Sheria inampa siku 21 kukujibu. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali na takwimu za UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, zinasomwa bila ombi lolote, na kijana mmoja mwenye subira atapata humo zaidi ya hotuba kumi.

Mwisho, andika pendekezo kwa ukurasa mmoja: tatizo kwa maneno ya mwanachama, chanzo, pendekezo, atakayefaidika, atakayeumia, ngazi yenye mamlaka, gharama, na namba za mawazo yaliyolizaa. Likizidi ukurasa mmoja, halijaiva.

Gharama: zidisha kabla ya kuahidi

Neno "kila" ndilo ghali kuliko yote katika ilani. Mpango wa Maendeleo wa Parishi, uliozinduliwa Februari 2022 huko Kibuku, unatoa shilingi milioni 100 kwa parishi kwa mwaka. Kiasi hicho kinaonekana cha kawaida kikitamkwa kijijini. Lakini parishi ni zaidi ya 10,000, na ukizidisha unavuka shilingi trilioni moja kila mwaka. Basi ukiandika "mtambo kwa kila kaunti ndogo", kaa na mtu wa hesabu: bei ya mtambo, usafiri, kibanda, mafuta au umeme, mshahara wa anayeuendesha, vipuri vya mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu ndio unaoua miradi yetu. Kisha andika fedha zitatoka wapi: kodi gani, au mradi gani utapunguzwa. Kama hujui kitakachopunguzwa, pendekezo libaki kwenye daftari mpaka ujue.

Lirudi matawini, libishaniwe

Rasimu irudi kule ilikotoka kabla ya kwenda juu. Tuma ukurasa ule mmoja kwa matawi, wapeni wiki tatu au nne, na kila tawi lijibu moja kati ya haya: tunaunga mkono, tunaunga mkono kwa marekebisho haya, tunapinga kwa sababu hii. Ubishi mkali ni dalili njema. Rasimu ikipita matawi yote bila neno, shuku kwamba haikusomwa.

Panapo mgawanyiko wa kweli, kama ule wa wafugaji na wakulima juu ya njia za mifugo, au wa wapangaji na wenye ardhi ya mailo (umiliki wa ardhi unaopatikana zaidi Buganda), usilazimishe sentensi laini inayoficha ugomvi. Andika misimamo yote miwili, kila mmoja na hoja zake, na wajumbe waamue wakijua wanachoamua. Katiba yenyewe, Ibara ya 237, inatambua mifumo minne ya umiliki wa ardhi, kwa hiyo sera ya ardhi inayosifiwa Mukono, kwenye mailo, inaweza kuwa tishio Gulu, kwenye ardhi ya kimila.

Kwenye mkutano wa wajumbe, wape mapendekezo siku kumi na nne kabla. Kura ya sera ipigwe siku ya kwanza, kabla ya uchaguzi wa viongozi. Baada ya uchaguzi nusu ya ukumbi inashangilia na nusu inatafuta basi la kurudi. Marekebisho yapokelewe kwa maandishi. Na idadi ya kura za ndiyo, hapana na zisizopigwa iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mlango sahihi, wakati sahihi

Azimio likipita, lina milango kadhaa, na chama kinachogonga mlango usio wake kinapoteza miaka. Jambo la usafi wa soko au la kuanika mazao barabarani linaweza kumalizwa na baraza la kaunti ndogo kwa sheria ndogo. Katazo la wilaya nzima linahitaji baraza la LC5, yaani la wilaya. Mabadiliko ya sheria ya nchi yanakwenda bungeni, na Ibara ya 94 inampa mbunge yeyote haki ya kuleta muswada binafsi. Lakini Ibara ya 93 inamzuia kuleta muswada unaoongeza kodi au mzigo kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, isipokuwa uletwe na serikali yenyewe. Kwa hiyo pendekezo lenye gharama, likitoka upinzani au kwa mbunge wa kawaida, lipitishwe kwenye bajeti au kwenye kamati ya kisekta ya Bunge.

Na bajeti ina saa yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wilaya hufanya makongamano ya bajeti karibu na Oktoba na Novemba; hati ya mfumo wa bajeti hufika bungeni kabla ya Desemba 31; Bunge huidhinisha kabla ya Mei 31. Anayekuja na wazo zuri Juni amekuja kuhudhuria mazishi. Matawi yakianza vikao Februari, rasimu ikarudi Juni, na mapendekezo ya wilaya yakawa tayari Septemba, diwani wenu ataingia kwenye kongamano la bajeti akiwa na karatasi mkononi. Fanyeni hivyo kila mwaka, na mwaka wa uchaguzi utakapofika ilani itakuwa kazi ya kuchagua na kupanga yaliyokwisha kuiva.

Jibu kwa kila namba

Fungua daftari. Kila wazo lipate jibu moja kati ya manne: limepita kama lilivyo, limepita likiwa limebadilishwa hivi, linangoja jambo hili, limekataliwa kwa sababu hii. Sababu iandikwe kwa sentensi ambayo mtoa wazo akisomewa ataielewa bila mkalimani. "Kamati haikuona inafaa" haikubaliki. "Tulihesabu gharama tukaona ingebidi tupunguze dawa za vituo vya afya" inakubalika, hata kama inauma.

Majibu yasomwe tawini, mbele ya watu, na mtu mwenye mamlaka: mwenyekiti wa wilaya au diwani. Yasitumwe kwa simu peke yake. Aliyekataliwa apewe nafasi ya kusema bado anaamini wazo lake, na maneno yake yaongezwe kwenye ukurasa ule ule, chini ya tarehe mpya. Mawazo kadhaa yatakataliwa mara mbili na kukubaliwa ya tatu. Kodi ya kichwa, ile iliyowafanya wanaume kulala porini wakikimbia wakusanyaji, ililalamikiwa kwa miaka mingi kabla ya kuondolewa 2005.

Katibu akibadilishwa, makabidhiano ya daftari yafanyike mbele ya kamati ya tawi, kurasa zikihesabiwa na pande mbili zikitia sahihi. Nakala moja ibaki wilayani. Katibu anayeondoka akihamia chama kingine, kama inavyotokea kila msimu, daftari hilo ni mali ya tawi na halihami naye.